Nusu Tiketi ya Tatu

Nyumbani,
Alhamisi.

Mwanangu,

Salamu zangu zikufikie huko kambini, kwenye ujenzi wa daraja, zikukute umekaa kitako, umeshakula na umeivua ile miwani ya kuchomelea. Naomba Mungu uwe mzima, na kile kikohozi ulichokitaja kiwe kimekwenda zake. Huku sote ni wazima wa mwili. Goti langu la kushoto bado lina kiburi chake, linapanda ngazi likitaka lenyewe, lakini sijambo. Wanao wawili, Wakili na Kifutio kama tunavyowatania, wamerefuka. Wakili ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anabishana vilevile, tena sasa anatema mate. Kifutio ameacha kula vifutio vya shule, siku hizi anatafuna ncha za kalamu. Lifti ya jengo imeharibika tena, na mlinzi anasema fundi atakuja kesho. Hiyo kesho naisikia tangu mwezi uliopita.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza jambo moja chini kabisa, baada ya sahihi, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa tayari mlangoni. Uliniuliza mbona barua za mkeo zimekuwa fupi, mistari mitano tu, watoto wazima, shule wanakwenda, kwaheri. Ukaniomba nikuangalizie kama kuna tatizo. Mwanangu, hukujua unamwomba nani! Mtu aliyekagua tiketi kwenye treni za mji huu miaka ishirini na sita huwezi kumwambia aangalie kidogo. Nimeangalia sana. Tatizo lipo, na ni kubwa. Ndoa yako iko ukingoni. Nitakueleza kila kitu kama kilivyotokea, nawe usiruke ukurasa, wala usipige simu kabla hujafika mwisho. Simu ya huko inakatikakatika, na maneno haya si ya kukatwa katikati.

Unajua kwamba Jumamosi ni siku ya mkeo na watoto. Tangu ulipoondoka hajawahi kuwaacha washinde ndani. Mara bustani ya wanyama, mara makumbusho, mara kwenye lile bwawa lenye mashua za kupiga makasia, mara uwanja wa ndege kutazama ndege zikiruka, maana hilo halina kiingilio. Zamani nilikuwa nakwenda nao. Tulibeba mkate, mayai ya kuchemsha na machungwa, mimi nikakaa dirishani nikiwakagua wakaguzi. Lakini tangu mwezi wa tatu sialikwi. Mara ya kwanza mkeo aliniambia siku hiyo kuna kutembea kwingi na goti langu litaumia. Mara ya pili akanitajia goti tena. Mara ya tatu hakulitaja hata hilo goti, aliniachia chakula mezani, akawashika watoto mikono, wakashuka. Goti hili hili mwaka jana lilipanda ngazi zote za makumbusho na halikunung'unika. Nikajiambia, kuna kitu.

Sikuwa na haraka. Mkaguzi mzuri hamrukii abiria, anamwacha ajipapase mifuko mwenyewe. Jumatatu iliyofuata nilichukua koti la mkeo nilifue. Usiniulize kama lilikuwa chafu. Ndani ya mfuko nilikuta tiketi za treni, nikaziweka kiganjani kwa mazoea tu. Tiketi moja ya mtu mzima. Nusu tiketi, zile za watoto zilizokatwa pembe, zilikuwa tatu.

Nilizihesabu mara mbili. Nikavaa miwani nikazihesabu tena. Tatu, zote za siku moja, zote zimetobolewa na koleo moja. Wewe una watoto wawili. Hata Wakili angeshindwa kubisha.

Wiki ile nilijituliza kwamba labda karani wa dirishani alikosea, makarani wa siku hizi wanauza tiketi huku wanatazama simu. Lakini Jumamosi iliyofuata nusu tiketi zilikuwa tatu, na nyingine iliyofuata pia tatu. Karani hakosei vilevile wiki tatu mfululizo. Nikanunua daftari, nikawa nazibandika humo, chini ya kila moja nikaandika tarehe, kituo na saa. Nikaona zile mbili zimekatwa kituo chetu, na ile ya tatu imekatwa kituo cha tatu kutoka hapa, dakika kumi na moja baadaye. Maana yake mtoto huyo anapandia njiani. Maana yake anasubiriwa.

Nikafungua macho kila upande. Ijumaa mkeo huchemsha mayai ya safari. Zamani yalikuwa manane, mawili mawili kwa kila mdomo, sasa mimi siendi na mayai bado ni manane. Hesabu mwenyewe. Siku moja Wakili alirudi amevaa viatu ambavyo si vyake, vya ngozi, vizuri kabisa, vimepigwa rangi vikang'aa, lakini vilishavaliwa na mtoto mwenye mguu mkubwa kuliko wake. Niliuliza vimetoka wapi. Mkeo akasema amepewa na mtu wa kazini. Nilivigeuza chini nikaona visigino vimelika upande wa nje, cha kulia zaidi. Nikawaza kwamba huyo mtoto, awaye yote, anatembea vibaya. Nikavirudisha chini ya kitanda.

Nikawahoji wanao. Nilianza na Wakili, nikamuuliza Jumamosi walikwenda wapi. Akanitajia kila kitu, twiga, kasa, choo kilichofungwa, mzee aliyeangusha kofia yake kwenye banda la nyani. Nikasema sasa nimemkamata, nikamuuliza walikuwa wangapi. Akanitazama na lile pengo lake, akaniambia kwamba swali la kwanza lilikuwa wapi, na hilo ameshalijibu. Nikamwacha. Huyo hata mimi simwezi. Nikamgeukia Kifutio nikampa biskuti. Nikamuuliza taratibu kama huwa wanakwenda na mtoto mwingine. Akaniapia kwamba hakuna mtoto mwingine, tena huyo mtoto mwingine anajua kupiga mluzi kwa vidole viwili. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu kicheko kikaniishia.

Kwa sababu nilishaanza kuunganisha mambo, na nilivyoyaunganisha yalikuwa mabaya. Mkeo alitoka mji mwingine. Alipoolewa na wewe alikuwa na miaka ishirini na minne, na ya kabla ya hapo tunayajua kwa mdomo wake tu. Mwanamke gani anamlipia nauli mtoto wa jirani kila Jumamosi, anamchemshia mayai, na anawafundisha wanawe kuficha? Nikasema basi, amezaa kabla yako, mtoto kamficha hapa hapa mjini, na sasa umeondoka anamtembeza. Na kama mtoto yupo, baba yake naye yuko wapi? Nani anampeleka huyo mtoto kituoni? Ndiyo maana barua ni fupi, nikasema. Anayeandika barua fupi ana mengi ya kuficha.

Nikakuandikia. Ndiyo, kuna barua hukuipata. Ilikuwa ya kurasa nne, na ndani yake nilimwita mkeo maneno ambayo sitayarudia. Nilikuambia uache kazi, uje, umfukuze. Nilifika hadi kwenye sanduku la posta la pale kona, bahasha mkononi. Kilichonirudisha si huruma, usinisifie. Nilirudi kwa sababu sijawahi kumshusha abiria kwenye treni kwa kudhani. Lazima nimwone kwa macho. Nikarudi nyumbani nikaichana, nikaamua kumfuata.

Jumamosi ile nilimwambia kichwa kinaniuma, nitalala. Walipofika ngazi za chini mimi nilishavaa koti la mvua la jirani, yule mshona mapazia, na miwani yake mikubwa ya jua. Nilijiona nimebadilika kabisa. Mlinzi wa getini akanisalimia kwa cheo changu kama kawaida. Nikapanda behewa la nyuma yao, nikasimama karibu na mlango wa kupitia. Kabla hata treni haijachanganya mwendo akaja mkaguzi, kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe, akanipokea kwa sauti ya behewa zima, Mwalimu, habari za kustaafu! Nilitamani sakafu inimeze. Halafu, kwa heshima zote, akaniomba tiketi. Mwanangu, sikuwa nayo. Miaka ishirini na sita, na siku hiyo nilipanda bila tiketi kwa kuharakisha kumfuatilia mtu. Alinikatia, lakini niliona midomo inamcheza.

Kituo cha tatu nikatupa jicho kwenye kioo. Mlango ulipofunguka akaingia msichana mrefu kidogo kumzidi Wakili, amebeba mkoba mgongoni. Wakili akamrukia shingoni. Kifutio akamkabidhi kitu alichokitoa mdomoni mwake, akakipokea bila kinyaa. Mkeo akamfunga vizuri kola ya shati. Nilimwona kwa mgongo tu. Nikatazama pale kituoni kama kuna mwanamume anayepunga mkono. Hakukuwepo, walikuwepo watu wanaokimbilia ngazi. Hilo nalo nikalitilia shaka, nikasema huyo bwana ni mwerevu, hajionyeshi.

Walishuka bustani ya wanyama. Niliwafuata kwa mbali mpaka goti likakataa, nikakaa kwenye benchi karibu na kobe, gazeti usoni. Walikuwa upande wa pili, mkeo anamenya mayai. Nikafikiri nimejificha vizuri mno. Kumbe mtoto alishaniona. Nilisikia mtu amesimama mbele yangu, nikashusha gazeti, na msichana huyo alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Alinisalimia kwa adabu. Akaniuliza kama nimepotea, maana ameniona nageuzageuza gazeti juu chini, na mama yake amemfundisha kwamba mtu mzima akipotea huona aibu kuuliza. Akasema anti yake yuko pale, ana moyo mzuri, atanisaidia hadi getini.

Niliacha gazeti nikamtazama yeye. Mwanangu, ncha ya sikio lake la kushoto imejikunja kwa mbele. Ukikaa mbele ya kioo shika sikio lako la kushoto, utanielewa. Nilimwambia kwamba napumzika tu, namshukuru. Akatabasamu, akanitakia siku njema, akaondoka. Nilimtazama alivyokuwa anakwenda. Mguu wa kulia anautupa nje. Visigino vile nilivyovigeuza chini ya kitanda nimevinunua utoto wako wote, jozi baada ya jozi, vikilika upande ule ule mpaka fundi akanicheka. Na mimi, jicho la mkaguzi, sikuviona.

Nilirudi nyumbani mapema, nikawatangulia. Njia nzima nilikuwa na mtuhumiwa mpya, naye ni wewe. Nilisema mwanangu amenidanganya. Ana mtoto, anajua, amenyamaza, na mkewe amegundua. Nilikukasirikia vibaya sana. Natamani ningeweza kukuambia kwamba pale pale kwenye benchi nilikumbuka mengine, lakini sikukumbuka, au nilikataa kukumbuka. Nilikushika wewe kwa nguvu ili nisije nikajishika mwenyewe.

Jumapili asubuhi, watoto wakiwa chini uwanjani, niliweka daftari langu mezani mbele ya mkeo, wazi, tiketi zote zimebandikwa. Nilitegemea atashtuka. Alifuta mikono, akavuta kiti, akazipitia moja moja kama anayesoma ripoti ya shule. Halafu akaniambia alikuwa ananisubiri nimuulize, na amesubiri tangu mwezi wa tatu.

Akanieleza. Mwezi wa pili alichukua viatu vyako vya kahawia, vile ulivyoviacha, akavipeleka kubadilishwa visigino, kwenye vibanda vya viatu vya njia ya chini ya kituo kile cha tatu. Alikuwa na watoto. Fundi ni mwanamke, alirithi kibanda kwa baba yake. Alikigeuza kiatu, akakitazama kisigino muda mrefu, akauliza kama mwenye viatu anautupa nje mguu wa kulia. Kisha akawatazama wanao, mmoja baada ya mwingine, na nyundo akaiweka chini. Siku hiyo hakusema zaidi. Mkeo hakulala, akarudi kesho yake peke yake. Wakazungumza, hakuna aliyepandisha sauti. Fundi alimwambia kwamba ana binti wa miaka tisa ambaye viatu vyake vinalika hivyo hivyo, na kwamba mwenye viatu alimjua miaka kumi iliyopita, kabla mkeo hajaja mjini. Hakutaka kitu. Ila mtoto ameanza kuuliza. Mkeo akasema watoto wajuane kwanza, watu wazima watakuja na yao baadaye. Jumamosi ndiyo siku ya kazi nyingi kibandani, kwa hiyo Jumamosi akawa anamchukua. Wanao bado wanamwita rafiki wa Jumamosi tu.

Nilimuuliza kwa nini alinificha mimi. Akanijibu bila kuzunguka. Fundi yule alimwambia kwamba alipojua ana mimba alikuja nyumbani kwetu kukutafuta. Wewe ulikuwa umekwenda kwenye mafunzo. Aliacha barua, akaahidiwa kwamba utapewa. Hakupata jibu. Alikuwa na heshima yake, hakurudi. Mkeo akanitazama usoni, akaniambia hana ugomvi na mtoto aliyezaliwa kabla yake. Lakini kabla ya harusi alikuuliza waziwazi kama una mtoto popote, nawe ukaapa huna. Mwanamume aliyeipata barua ile, akanyamaza, kisha akaapa mbele yake, hawezi kulala naye chumba kimoja tena. Kwa hiyo ana swali moja tu, nami ndiye ninayeweza kulijibu, maana ni mimi niliyeipokea barua. Je, nilikupa?

Nikasema ndiyo, nilimpa.

Nilijisikia nikisema. Sauti ilitoka imenyooka, sauti ile ile ya kutangaza kituo kinachofuata. Mkeo hakulia. Alinishukuru, akasema sasa ameelewa, akaendelea kukunja nguo za watoto. Jioni akaniambia mwisho wa mwezi atahamia kwa kaka yake na wanao, na kwamba nitakaribishwa kuwaona muda wowote. Jumatatu akaleta maboksi. Jumanne yalikuwa mawili yamejaa, vitabu vya Wakili na matrekta ya Kifutio. Nimekuwa nayapita koridoni nikienda chooni, nikiyakanyagia mbali.

Ningeweza kunyamaza. Nimelipima hilo, sitakuficha. Wewe ungekuja ungeapa kwamba hujawahi kuona barua yoyote, na nani angekuamini? Maneno yangu yalishatangulia. Mimi ningebaki bibi mwenye heshima, wewe ungebaki mwongo, na wanao wangekuja kunisalimia siku za likizo.

Sasa nisome polepole. Sikukupa barua ile.

Ulikuwa na wiki ya tano kwenye mafunzo. Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi, sijavua hata kofia ya kazi. Nikafungua mlango nikamkuta amesimama, mikono imeingia rangi ya viatu hadi kwenye kucha. Nilimjua, nilishamwona kibandani akimsaidia baba yake. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Aliomba anwani yako. Nilimwambia anwani siitoi. Akaomba basi nikufikishie barua. Nikaipokea, nikamwahidi. Halafu nikamwambia una mchumba, mnajiandaa kuoana, asijisumbue kurudi. Hukuwa na mchumba. Mkeo ulikuwa hujamwona hata kivuli. Alinijibu ahsante mama, akashuka ngazi akishika ukuta. Mwezi uliofuata tukahamia huku, nami nikashukuru.

Nilifanya hivyo kwa sababu alikuwa mtoto wa fundi viatu. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta siku nne. Nilikuwa mwanamke mwenye sare na kofia, nimekulea peke yangu, nikakusomesha ufundi, nikaona huyu wa kibandani anakuja kukurudisha chini. Niliifungua barua nikaisoma. Haikuwa ya kukulaumu wala ya kukuomba chochote. Alitaka tu ujue. Nikaifunga, nikajiambia nitakupa ukirudi. Uliporudi nikajiambia mambo yamekwisha poa, nisiyachokonoe. Kisha ukamleta mkeo, ukafurahi, na ikawa siwezi tena. Nisamehe, mwanangu. Nakuomba nikijua sistahili kuomba kwa karatasi.

Leo asubuhi nilimpa mkeo barua hii aisome mpaka hapa. Aliisoma amesimama, mgongo kwenye friji. Alipomaliza alikaa chini. Aliniuliza kwa nini nilimdanganya Jumapili, nikamwambia niliogopa uso wake. Akasema uso wake ndio huu, nimeuona. Hajaniambia amenisamehe, na sidhani itakuwa karibuni. Ananiita Mama bado, lakini kama anayemwita karani dirishani. Nilimwonyesha ile barua ya zamani, nikamwambia ni haki yake aione. Aliishika, hakuifungua, akasema si yake. Kuhusu maboksi, amesema hayatafunguliwa wala hayatatoka, mpaka asikie kutoka kwako, kwa mwandiko wako, na zaidi ya mistari mitano. Baada ya hapo akavaa koti akaenda kazini. Kabla ya kutoka aliandika anwani yako kwenye bahasha hii kwa mkono wake mwenyewe, maana alisema mwandiko wangu unaweza kuipoteza njiani.

Barua ya fundi nimeiweka ndani ya hii. Ni ile ile, rangi ya viatu bado ipo pembeni alipoishika. Jumatatu nitakwenda kibandani kwake kumwambia haya yote ana kwa ana, akinifukuza nitaondoka, na kesho yake nitarudi.

Kula vizuri, jifunike kifua, na usipande juu ya lile daraja ukiwa na mawazo, na yakikukuta juu, shuka kwanza. Jirani mshona mapazia anakusalimu. Wakili anakusalimu, anauliza ni kwa sheria gani baba hukaa mbali miezi minane. Kifutio anakusalimu, ametia alama ya meno kwenye kona ya ukurasa huu, niliiacha makusudi. Mjukuu wangu wa kwanza hajakusalimu. Hajui bado kama ana wa kumsalimu.

Anza wewe.

Ni mimi,
Mama yako.